Jibu: Faili ni ya kusoma tu, mbona imefutwa?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, ripoti.txt uliiweka ruhusa 444 (wote kusoma tu), na bado mwenzako kwenye seva hiyo ameifuta bila kutumia root (akaunti ya msimamizi mkuu). Anza kuangalia folda, siyo faili:

ls -ld /data/pamoja

Ukiona drwxrwxrwx, yaani kila mtu ana r (kusoma), w (kuandika) na x (kuingia), sababu ndiyo hiyo. Folda kwenye Linux ni orodha ya majina, kila jina na namba yake ya inodi (kumbukumbu ya faili yenyewe kwenye diski). Kufuta ni kuondoa jina kwenye orodha, kwa hiyo zinazoangaliwa ni w na x za folda. Ruhusa za faili yenyewe hazihusiki kabisa. Amri ya kufuta, rm, itamuuliza tu kama ana uhakika, na akiweka -f haimuulizi.

Kama wote lazima waandike humo, badilisha ruhusa za folda kwa chmod 1777, kama ilivyo folda ya muda /tmp. Hapo anayefuta ni mwenye faili, mwenye folda au root. Kama wanasoma tu, 755 (mwenye folda pekee anaandika) inatosha. Usibakize r ukaondoa x: wataona majina lakini hawatafungua chochote.

Hujasema diski ina mfumo gani wa faili. Ikiwa ni ext4, sudo chattr +i ripoti.txt huifunga faili isibadilishwe wala kufutwa, na humzuia hata root mpaka aondoe alama hiyo kwa chattr -i.