Kabla Hujapokea Kontena la Kwanza la Vitabu

Ukiingia kwenye kazi ya kufufua maktaba iliyoharibiwa na vita, simu nyingi za mwanzo zitatoka kwa watu wenye moyo mzuri wanaotaka kutuma vitabu. Washukuru, andika majina yao, kisha waombe wasubiri. Maktaba isiyo na paa wala umeme, ambayo haijajua imebakiwa na nini, haina pa kuliweka kontena. Vitabu vikiwahi kufika hurundikwa kwenye chumba chenye unyevu, pembeni mwa vile vilivyonusurika, na kuvu haichagui kipi ni cha msaada.

Usiingie jengoni kabla wataalamu wa mabomu hawajalikagua, hata kama mlinzi anakuambia yeye hupita humo kila siku. Ukishaingia, piga picha kila chumba kabla ya kusogeza chochote. Picha hizo zitamsaidia mhandisi, na zinaweza kuwa ushahidi: Mkataba wa The Hague wa 1954 unalinda mali za utamaduni wakati wa vita, maktaba zikiwemo.

Kazi inayokimbizana na saa ni ya vitabu vilivyolowa. Moto wa vita karibu kila mara huacha maji: ya wazimamoto, ya mabomba yaliyopasuka, ya mvua inayopita penye paa lililobomoka. Kwenye joto, kuvu huanza kuota ndani ya siku 2 au 3. Kitabu kilicholowa usikifungue wala usijaribu kunyoosha kurasa zake. Kizungushie karatasi isiyonata, kilaze mgongo chini ndani ya kreti bila kukibana, kipeleke kwenye friza. Baridi haikitibu, inakununulia muda tu, hadi ipatikane mashine ya kukausha kwa baridi au nafasi ya kukianika polepole. Vyenye karatasi ya kung'aa vitangulie, kwa sababu kurasa zake zikikaukia pamoja hugeuka bamba moja lisilobanduka.

Masizi ni habari nyingine. Wasaidizi wa kujitolea hukimbilia kitambaa chenye maji, na hapo ndipo hasara huongezeka, maana maji huyasukuma masizi ndani ya nyuzi za karatasi. Tumia sifongo kavu ya mpira, anzia katikati ya ukurasa uelekee nje, mkono mwepesi, na ukifika kwenye kingo zilizoungua acha. Kingo hizo zitamngoja fundi mwenye karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga.

Wakati mikono inafanya hayo, mtu mmoja makini awe anatafuta daftari la usajili na katalogi. Kwangu mimi, kabati la kadi lililosalimika lina thamani kuliko rafu kadhaa za vitabu vipya, kwa sababu bila orodha hujui umepoteza nini, na usichojua umekipoteza huwezi kukiomba. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, inatufundisha hapa. Mei 1992 Taasisi ya Mashariki ya mji huo iliteketezwa kwa mizinga pamoja na zaidi ya miswada 5,000, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Baadaye wasomi waliokuwa nje ya nchi walianza kuwasaka watafiti waliowahi kusoma pale na kuondoka na mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo za kurasa) au fotokopi. Asili haikurudi, lakini baadhi ya maandishi yalipatikana tena kwenye makabati ya watu binafsi. Kwa hiyo waandikie watafiti wa zamani mapema, kabla hawajastaafu na kutupa karatasi zao.

Sasa turudi kwa wale uliowaambia wasubiri. Mfano ninaoupenda ni wa zamani. Agosti 1914 jeshi la Ujerumani lilichoma maktaba ya chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Maktaba ya John Rylands, Manchester, ikaanza kukusanya vitabu vya kuifidia, ikawa inachapisha orodha za vilivyokwisha kutolewa ili wengine wasirudie vilevile, na ikavitunza mpaka vita vilipokwisha. Kufikia 1925 vilikuwa vimepita 55,000. Nawe fanya hivyohivyo: orodha itoke kwa wakutubi wa maktaba yenyewe, na mfadhili achague humo. Ensaiklopidia za miaka 30 iliyopita zikatae kwa adabu, mapema, kabla hazijapakiwa.

Leuven hiyohiyo ina somo la pili. Jengo jipya lilijengwa kwa michango ya Wamarekani, na msanifu wake, Whitney Warren, alitaka ukutani pachongwe maneno ya Kilatini yanayoilaani ghadhabu ya Wajerumani na kuitaja zawadi ya Marekani. Mkuu wa chuo alikataa, na ugomvi ukavuka mipaka ya Ubelgiji. Jengo lilizinduliwa 1928 bila maneno hayo, na Mei 1940 likaungua tena na vitabu karibu 900,000. Suala la kibao cha mfadhili limalize kwa maandishi kabla fedha hazijaingia. Linaonekana dogo mpaka siku ya uzinduzi.

Tena soma mkataba wa jengo kwa makini: nani atakaa humo? Ukumbi wa jiji wa Sarajevo, Vijećnica, ulioteketea Agosti 1992 ukiwa maktaba ya taifa, ulifunguliwa upya 2014 ukiwa umependeza kwelikweli, lakini maktaba iliendelea kufanya kazi zake kwingine.

Kuhusu vifaa, uliza kila kimoja kitatengenezwa na nani mfadhili akishaondoka. Miswada ya Timbuktu, kaskazini mwa Mali, ilipohamishiwa mji mkuu, Bamako, kwenye unyevu mwingi zaidi, masanduku ya kuihifadhi yalitengenezwa palepale Bamako. Kwenye bajeti yako weka mafunzo ya fundi wa masanduku na ununuzi wa karatasi isiyo na asidi kwa miaka kadhaa, hata kama skana ya kunakili kurasa itabidi iwe ya bei nafuu.