Zirkoniamu yako ikigeuka mapema, usikimbilie kuomba radhi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma uzamili aliniandikia saa saba usiku: "Kaka, zirkoniamu yangu imegeuka omega kabla ya wakati. Nimeharibu?" Zirkoniamu ni metali; ikibanwa sana, atomu zake hujipanga upya, kutoka muundo uitwao alfa kwenda uitwao omega. Nilicheka, halafu sikucheka tena.

Miaka sita iliyopita huyo alikuwa mimi. Sampuli ndogo kama punje ya chumvi, katikati ya ncha za almasi mbili, imezungukwa na mchanganyiko wa methanoli na ethanoli, nne kwa moja, ili ibanwe sawasawa pande zote. Spiriti hiyo huvukia haraka. Siku ile ilikwisha kabla sijakaza skrubu za kuzibana almasi, nami kwa uvivu nikaendelea. Almasi zikaiminya metali yenyewe, ikatambaa pembeni kama donge la chapati chini ya kifimbo. Mng'ao mwekundu wa punje ya rubi, ambao ndio kipimo chetu cha kanieneo, ulisema gigapaskali 2 (gigapaskali moja ni kama mara elfu kumi ya kanieneo ya hewa), na grafu ya eksirei tayari inaonyesha vilele vya omega. (Alfa na omega, ndiyo, kama za Ufunuo.) Ndani ya kimiminika, zirkoniamu kwa kawaida husubiri mpaka karibu 5.

Kwenye kikao msimamizi wangu akasema, mbele ya wote, kwamba nimechafua sampuli. Nikaomba radhi! Hilo linaniuma mpaka leo.

Kumbe Percy Bridgman wa Harvard, aliyepata Nobeli mwaka 1946, alikuwa akikandamiza na kusokota metali kwa pamoja tangu miaka ya 1930. Tabaka za atomu zikiteleza, kasoro hujazana ndani ya fuwele, na penye kasoro ndipo muundo mpya huanzia. Zirkoniamu ikikandwa vya kutosha, hata gigapaskali 1 na ushee yaweza kuigeuza.

Kwa hiyo, wadogo zangu, andikeni. Kimiminika kimevuja, andika. Sampuli imegusa almasi, andika. Daftari langu lilikuwa na tarehe na namba tu, sikuwa na cha kujitetea. Andikeni hata uvivu wenu!

Tena usitupe sampuli. Chuma hugeuka karibu na gigapaskali 13, lakini ukilegeza skrubu kinarudi kilivyokuwa. Omega ya zirkoniamu huweza kubaki hata almasi zikiachana. Yangu niliipangusa kwa kitambaa, ikaenda na takataka.

Nimemwambia kijana afungue, aipige eksirei tena. Bado nasubiri picha.