Bei ya Programu ya Waandishi Nimeibadilisha Mara Tatu

Nilipoanza kutengeneza programu ndogo ya wavuti kwa ajili ya waandishi wa vitabu, niliamini kwamba kazi ngumu ingekuwa kuandika msimbo, yaani maelekezo ya kompyuta, na kwamba bei ningeipanga jioni moja kabla ya kuwafungulia wateja. Mambo yalikwenda kinyume: msimbo wa kwanza ulikamilika kwa majuma 6, ilhali bei nimeibadilisha mara tatu, na mara mbili za mwanzo nilipoipanga nilikosea kwa sababu ile ile, yaani niliipanga bila kutazama mwandishi anavyofanya kazi.

Programu yenyewe ilikuwa na mambo mengi mno. Kulikuwa na chati za wahusika, kalenda ya malengo na ubao wa mawazo, na karibu vyote nimevifuta. Waandishi niliowaketisha mbele ya kompyuta na kuwatazama bila kusema neno walikuja na muswada uliokwisha kuandikwa kwenye Word, wakataka kitu kitakachoupokea ulivyo, kiutunze, kisha kiutoe ukiwa EPUB safi, yaani faili la kitabu cha kusomwa kwenye simu au kompyuta. Faili la EPUB ni furushi la kurasa za XHTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), picha na maelezo ya mitindo lililobanwa kwa zipu, kwa hiyo kulitengeneza si muujiza. Kazi iko katika kusafisha kinachotoka kwenye Word: huyu ameanza sura mpya kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpya mara 20, yule amekuza herufi za kichwa cha sura kwa mkono badala ya kutumia mtindo wa kichwa, na programu haijui sura inaanzia wapi. Hapo ndipo muda wangu mwingi ulipokwenda, na ndipo ningemshauri mwingine aupeleke wake.

Kuna kosa dogo linalonichekesha mpaka leo. Kihesabu maneno changu kilitoa jumla kubwa kuliko ya Word, na mwandishi mmoja wa hadithi za watoto akaniandikia kuuliza kama ng'ombe wake wamezaana. Kumbe msimbo uliichukulia ritifaa, ile alama ya (') katika ng'ombe, kuwa mpaka wa neno, ukahesabu “ng” peke yake na “ombe” peke yake. Niliporekebisha ritifaa iliyonyooka, ikabaki ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, kwani kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti. Tangu hapo sijaribu kitu kwa aya ya kubuni. Najaribu kwa muswada halisi, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Kosa la pili halikunichekesha. Mwandishi alifungua sura moja katika vichupo (tab) viwili vya kivinjari, akaandika asubuhi nzima katika kimoja, halafu kile cha zamani kikajihifadhi na kufunika kazi yote. Siku hizi kila hifadhi hubeba namba ya toleo, seva hukataa toleo lililopitwa, na nakala za nyuma hubaki. Kitufe cha kupakua muswada mzima nacho hubaki wazi hata kwa aliyeacha kulipa. Rafiki yangu aliona kuwa nawapa watu njia ya kutoroka. Mimi naona mtu hawezi kukukabidhi kazi yake ya miaka miwili asipouona mlango wa kutokea.

Kuhusu bei, kwanza nilitoza kila mwezi, kiasi kidogo sana. Watu walijiunga, wakatoa EPUB yao, wakajiondoa mwezi ule ule, nami sikuwa na haki ya kuwalaumu, maana kitabu kikishatoka mwandishi anaweza kukaa mwaka mzima bila kuigusa programu. Isitoshe, wakala wangu wa malipo ya kadi hukata asilimia pamoja na kiasi kisichobadilika kwa kila muamala, na bei ikiwa ndogo kiasi hicho ndicho kinachotafuna faida: malipo ya kila mwezi hukatwa mara 12 kwa mwaka, ya mkupuo hukatwa mara moja tu. Nikageukia kuuza mara moja kwa maisha yote. Fedha ziliingia kwa majuma mawili, kisha zikabaki gharama za seva na barua za kuomba msaada, ambazo hazina ukomo.

Sasa natoza kwa kitabu. Kuandika na kuhifadhi ni bure. Mwandishi hulipa anapotaka EPUB, na malipo hayo humruhusu kuitoa tena na tena kwa mwaka mmoja, kwa kuwa kosa la chapa hupenda kuonekana siku ya pili baada ya kitabu kutoka. Kiwango sikukipata kwa kujumlisha gharama za seva. Niliwauliza waliowahi kumlipa mtu awapangie kurasa za kitabu walitoa kiasi gani, nikaweka takribani moja ya tano yake. Baadaye nilipoongeza theluthi, wanunuzi hawakupungua kwa namna niliyoweza kuiona, ila malalamiko, ajabu, yalipungua. Walionunua ya maisha yote nawahudumia bado kama nilivyoahidi, akiwemo yule wa ng'ombe, ambaye amefika kitabu cha nne.