Miguu kwenda mbele juu ya farasi

Ndugu, umeuliza kama miguu yako inakukimbilia mbele ukipanda farasi kwa sababu ya ukubwa wa tandiko, yaani kiti cha mpandaji. Si lazima iwe ukubwa, mara nyingi ni jinsi linavyokaa mgongoni. Mtandike farasi bila kitambaa chochote chini, usimpande, kisha laza penseli ya duara kingamo kwenye kikalio cha tandiko. Itaviringika hadi pale palipo chini kabisa, napo pawe katikati. Ikienda nyuma, nawe utakaa nyuma kama mtu aliye kitini, na kisigino hakirudi chini ya nyonga hata mwalimu apige kelele vipi. Kwa kawaida kiunzi cha ndani ya tandiko ni chembamba kwa mgongo wa farasi huyo, basi sehemu yake ya mbele hupanda juu. Nimeliona sana kwa farasi wa ufuoni hapa Malindi, tandiko moja huvalishwa kila mnyama. Usiongeze blanketi, utazidi kumbana. Tazama pia vikuku vya kukanyagia vinaning'inia wapi: vikiwa mbele mno mguu utavifuata tu, hata kikalio kikiwa sawa. Ila kabla ya mkao wako, hakikisha kombe la bega la farasi lina nafasi ya kusogea na tandiko halivuki ubavu wa mwisho.