Maswali ya Wasomaji: Uhandisi wa Petroli au wa Mitambo, na Uzi Unaobana

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni binti wa Mikindani, Mtwara. Nimemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na alama zangu zinaniruhusu kuomba uhandisi. Baba anataka nisomee uhandisi wa petroli kwa kuwa gesi iko hapa kwetu, ilhali mwalimu wangu ananishauri nichague uhandisi wa mitambo. Wakati nikisubiri, shangazi ananifundisha kufuma kofia za watoto wachanga kwa sindano mbili, lakini vitanzi vyangu vingine vinabana na vingine vinalegea. Naomba unisaidie katika yote mawili.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako ana sababu ya kuitazama gesi, kwani iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Hata hivyo, ni vyema mkae naye muangalie kwa utulivu kazi zinazofanyika pale. Mhandisi wa petroli husomea zaidi miamba inayohifadhi mafuta na gesi, uchimbaji wa visima na mgandamizo ulioko chini ya ardhi, na kazi hiyo hushamiri kampuni zinapochimba visima vipya, kisha hupungua sana zinaposimama, kama ilivyotokea duniani kote bei ya mafuta ilipoporomoka mwaka 2014. Kisima kikishaanza kutoa gesi, mitambo ya kuisafisha na kuisukuma huhitaji uangalizi kila siku, na hapo wanaohitajika kwa wingi ni wahandisi wa mitambo, wa umeme na wa kemikali.

Kwa hiyo mimi naungana na mwalimu wako. Mhandisi wa mitambo hujifunza joto na nishati, mwendo wa vimiminika na gesi, uimara wa vyuma na usanifu wa mashine, na elimu hiyo itamfaa Madimba, katika kituo cha kufua umeme, katika kiwanda cha saruji, bandarini na hata katika viwanda vya kubangua korosho. Ukiona baadaye kwamba moyo wako uko kwenye visima, unaweza kusomea petroli katika shahada ya uzamili. Lakini aliyeanza na petroli hupata taabu zaidi kuhamia kwenye saruji au korosho. Mweleze baba hivyo kwa adabu, naye ataona kwamba hujaipa gesi kisogo.

Likishaamuliwa hilo, usichague chuo kwa sifa za mitaani. Pata mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huu, usome masharti ya kila programu, kisha uombe orodha ya masomo ya miaka yote minne, kwa maana programu mbili zenye jina moja huweza kutofautiana sana katika saa za karakana na muda wa mafunzo kwa vitendo viwandani. Mimi ningeipa karakana uzito kuliko ukubwa wa majengo. Hakikisha pia kuwa shahada hiyo inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sababu bila usajili huwezi kisheria kufanya kazi kama mhandisi.

Sasa tuje kwenye kofia. Wanaoanza kufuma huvuta uzi kila wanapomaliza kitanzi, wakidhani kukaza ndiko kunakosawazisha, na hapo ndipo kosa lilipo. Kipimo cha kitanzi ni unene wa mwili wa sindano, wala si ncha yake. Kwa hiyo usifumie nchani, bali kila kitanzi kipya kisukume hadi kwenye unene wa sindano, kisha uuache uzi. Uzungushe uzi mara moja kwenye kidole cha mwisho na uupitishe juu ya kidole cha shahada, ili vidole viuachie kwa kiasi kilekile muda wote. Joto la pwani yetu hutoa jasho, na uzi hunata kwenye vidole vilivyolowa, basi kausha mikono mara kwa mara. Usisimame katikati ya mstari, maana kitanzi ulichokiacha hapo hutanuka.

Kabla ya kofia, fuma kitambaa cha majaribio kwa uzi wa rangi nyepesi, vitanzi 30 kwa mistari 40, kisha hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 katika sehemu tatu tofauti. Kwa sindano ya milimita 4 na uzi wa unene wa wastani, vitanzi 22 hivi ni kawaida, lakini la muhimu zaidi ni hesabu hizo tatu kukaribiana. Ukiona mistari ya kurudi inalegea kuliko ya kwenda, jambo ambalo huwapata wengi, tumia sindano nyembamba kidogo kwa mistari hiyo pekee. Kofia ikikamilika, ioshe kwa maji ya vuguvugu, uikamue bila kuisokota na uilaze juu ya taulo kivulini; vitanzi vilivyopishana kidogo vitajipanga vyenyewe inapokauka.