Usiichomeke kwanza: niliyojifunza kwenye pawa saplai ya kompyuta ya mjomba

Moshi ulianza kama dakika kumi baada ya kuwasha. Mwanzoni nilidhani ni ubani, maana ilikuwa Alhamisi jioni na jirani zetu hufukiza kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Kisha nikauona ukipanda kwenye matundu ya hewa upande wa kushoto wa kompyuta, mweupe, mzito, na harufu yake si ya udi hata kidogo. Inakaba koo, inabaki kwenye mapazia siku mbili. "Zima, mjomba," akasema mjomba wangu bila kupandisha sauti, ule utulivu wa mwalimu aliyesimamia mitihani miaka thelathini. Nilikuwa nimeshang'oa plagi.

Kosa lilikuwa langu, ndiyo maana naandika. Nimerekebisha redio, deki, televisheni za kichogo na chaja zisizo na idadi, lakini siku ile nilifanya jambo ambalo fundi mwenye akili zake hafanyi: nilichukua kifaa kilichokaa juu ya kabati tangu enzi za Mkapa, nikafuta vumbi, nikakichomeka ukutani ili tuone kama kinawaka.

Na kiliwaka! Hilo ndilo lililotuhadaa. Ni BBC Micro Model B, ile kompyuta ya Acorn ya Cambridge iliyoingia sokoni Desemba 1981: prosesa ya 6502 yenye kasi ya megahezi 2, kumbukumbu kilobaiti 32 tu. Mjomba aliinunua mkononi mwa mtu alipokuwa akisoma Uingereza, akarudi nayo Tanga, akawa anaitumia kutungia mazoezi ya hesabu. Tulipobonyeza swichi ya nyuma ikatoa mlio wake, sauti nzito ya kuvuta kisha kipyenga kifupi, na kwenye televisheni yakatokea maandishi meupe. Mjomba akaanza kuandika programu ya jedwali la saba kwa kumbukumbu ya vidole. Alikuwa mstari wa tano moshi ulipotoka.

Sasa tuingie ndani ya boksi.

Pawa saplai ya kompyuta hii, yaani boksi la kuilisha umeme, ni ya aina inayokatakata umeme kwa kasi, kama iliyomo kwenye chaja ya simu yako, ila kubwa zaidi. Umeme wa ukutani unapoingia, kabla ya kitu kingine chochote, hupita kwenye kichujio cha kuzuia kelele. Ndani ya kichujio hicho kuna kapasita, vile vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme, zilizolazwa moja kwa moja kati ya waya wa moto na wa kati. Huitwa kapasita za X. Za zamani hizi zimetengenezwa kwa karatasi iliyopakwa metali, zikamiminiwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, rangi ya asali. Zikiwa mpya zinapendeza. Miaka arobaini baadaye plastiki ile imepata nyufa kama za kisigino, unyevu unaingia, karatasi inavimba, na ukiipa volti 230 inaanza kuvuja ndani kwa ndani, inapata joto, inapasuka. Hapa kwetu pwani, ambapo chumvi ya mezani haimwagiki kwenye kopo miezi ya masika, unyevu hauhitaji kutafutwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kapasita hizi zikifa, kompyuta huweza kuendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu kazi yake ni kuchuja kelele tu. Kwa hiyo kusema "mbona inawaka vizuri" si ushahidi wa chochote.

Kufungua kompyuta yenyewe ni rahisi. Skrubu nne za mfuniko zimeandikwa FIX pembeni, mbili nyuma na mbili chini, watu wale walikuwa waungwana. Boksi la pawa saplai limeshikwa na skrubu tatu kwa chini. Waya zinazokwenda kwenye bodi ni saba: mitatu myekundu ya volti 5, mitatu myeusi ya kurudi, na mmoja wa zambarau wa volti 5 hasi. Piga picha kabla ya kuchomoa. Usiniambie utakumbuka.

Kabla hujaingiza mkono kwenye boksi hilo, nisikilize vizuri. Umeme wa ukutani ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja unafika volti 325 na zaidi, na unakaa kwenye kapasita kubwa hata baada ya plagi kutoka. Wapo mafundi wanaoumwaga kwa kugusisha bisibisi. Cheche inaruka, kila mtu anacheka, bisibisi inatoboka ncha. Mimi natumia rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 10, nimeilehemu kwenye waya mbili zenye ncha za kushikia zilizofunikwa, naishikilia kwenye miguu ya kapasita sekunde kumi au kumi na tano, kisha napima kwa mita. Mita ikisoma chini ya volti chache, ndipo naendelea. Mkono mmoja uwe mfukoni unapopima kitu kilicho hai, na pawe na mtu nyumbani anayejua swichi kubwa iko wapi. Kama hujawahi kufanya kazi upande wa umeme wa ukutani, hii si kazi ya kujifunzia. Mpelekee fundi, kaa pembeni, uliza maswali.

Kapasita iliyopasuka ilikuwa C1, kama ilivyoandikwa kwenye bodi, nanofaradi 100. Imetapika gundi ya kahawia mpaka kwenye ukuta wa boksi. Jirani yake C2, nanofaradi 10, ilikuwa na nyufa lakini haijapasuka. Toa zote mbili, usimwonee huruma aliyebaki. Gundi ile niliifuta kwa spiriti na mswaki wa zamani, ikachukua muda kuliko kubadilisha kapasita zenyewe.

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Badala yake lazima iwe kapasita iliyoandikwa X2, volti 275 au zaidi za umeme wa AC, yaani wa ukutani. Usichukue kapasita yoyote iliyoandikwa volti 400 ukasema 400 ni zaidi ya 230, imetosha. Ile ni hesabu ya mkondo mmoja, na kapasita ya kawaida ikifa inaweza kufa kwa kupiga shoti, ikashika moto. X2 imeundwa iweze kuumia bila kukuchomea nyumba. Niliuliza maduka matatu hapa mjini, nikaletewa kila kitu isipokuwa hiyo, hadi nikamwagiza mtu Kariakoo. Baadaye nikakumbuka kuwa karibu kila pawa saplai ya kompyuta ya mezani iliyokufa ina kapasita ya X2 karibu na inapoingilia waya, boksi dogo la mraba, mara nyingi la manjano. Thamani hazilingani kila mara, lakini angalia kwanza kwenye makopo yako kabla ya kutuma nauli. Hazina chanya wala hasi, kwa hiyo upande wowote sawa. Kitu cha kupima ni umbali wa miguu, isije ikabidi uikunje kama panzi.

Baada ya hapo sikurudia ujinga wa kuchomeka ukutani. Ninayo balbu ya sirizi, na kama unatengeneza vitu vya umeme bila kuwa nayo, simama sasa hivi ukaitengeneze. Ni balbu ya zamani ya waya, wati 100, iliyoungwa kwenye njia ya waya wa moto kabla ya kifaa. Balbu za LED hazifai kwa hili. Kifaa kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kifaa hakipati madhara. Kikiwa kizima, balbu inamulika kidogo pale kapasita zinapojaa kisha inafifia. Ya kwangu ilimulika, ikafifia. Nikashusha pumzi.

Lakini pawa saplai ya aina hii haipendi kuwashwa bila mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme wake, na mzigo wa kwanza usiwe bodi ya kompyuta isiyopatikana tena. Nilifunga rezista ya ohm 4.7 ya wati 10 kati ya wekundu na weusi. Inavuta ampea moja na ushee, inapata joto, usiiweke juu ya kitambaa cha meza cha shangazi. Ukikosa, balbu ya indiketa ya gari ya volti 12 wati 21 inafanya kazi hiyohiyo, na uzuri wake unaona kwa macho.

Kwenye mita: sifuri. Ukisogeza sikio, tik… tik… tik, kama saa ya ukutani yenye betri iliyochoka.

Mlio huo ni wa pawa saplai inayojaribu kuamka, inashindwa, inajaribu tena. Nilitoa balbu ya sirizi nikidhani ndiyo inayoinyima nguvu, jambo ambalo hutokea hasa ukitumia balbu ndogo. Mlio ukabaki. Wengi wakifika hapo wanarukia transista kubwa. Nikaipima, nzima. Dayodi, nzima. Fyuzi nayo ilikuwa nzima na safi, na hilo lilinitia moyo: fyuzi ya kioo iliyopiga weusi ndani inasema kuna shoti kubwa, na ukiiona hiyo usiibadilishe mpaka ujue sababu. (Na yule anayefunga karatasi ya fedha ya sigara kwenye fyuzi, sina cha kumwambia zaidi ya pole.)

Mwenye kosa alikuwa kapasita ndogo ya elektroliti, C9 kwenye bodi, maikrofaradi 220, volti 10, imekaa karibu na vitu vyenye joto. Kwa macho haikuwa na neno: haijavimba, haijavuja. Kwa mita ya kawaida ilisoma maikrofaradi 190, ungeipa cheti. Lakini ndani imekauka, na kapasita iliyokauka huwa na ukinzani wa ndani ambao mita ya kawaida haiuoni. Kipo kifaa cha kupima ukinzani huo, huitwa ESR, siku hizi si ghali, na ningekuwa mkweli zaidi ningesema kimenisaidia kuliko pasi yangu ya kulehemu ya bei mbaya. Kapasita ya mjomba ilisoma ohm 14. Mpya ilisoma chini ya nusu ohm. Niliweka ya volti 25, ya kuhimili joto la nyuzi 105, mstari mweupe upande wa hasi. Ukigeuza elektroliti utajua haraka, kwa kishindo.

Mita ikasoma 5.06. Zambarau ikasoma 5 hasi kasoro kidogo. Nikaiacha na mzigo saa nzima, nikanywa chai, ikabaki palepale.

Nikarudisha kila kitu, mjomba akaitwa, akavaa miwani. Swichi. Buuuuuuu. Sauti nzito ikavuta, haikukoma, kipyenga hakikuja. Kwenye BBC Micro hiyo ina maana kompyuta imekwama kabla haijamaliza kuamka.

Nakiri nilianza kufikiria chipu zilizokufa. Bahati nzuri nilipima kwanza, na nilipima mahali pa haki: siyo kwenye pawa saplai, bali kwenye miguu ya prosesa yenyewe, mguu wa 8 unaopokea volti 5 na mguu wa 1 wa kurudi. Volti 4.62. Chipu za namna hii zinataka 5, na ukishuka chini ya 4.75 usizilaumu. Sasa volti 0.44 zimepotelea wapi kati ya boksi na bodi, umbali wa shibiri moja?

Zilikuwa kwenye vibanio. Waya hizo zimeunganishwa kwenye bodi kwa vile vibanio bapa vya kusukumia, kama vya spika za gari, na hewa ya bahari ilikuwa imevipaka ukoko wa kijivu. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kibanio cha waya mwekundu na nyingine kwenye pini kilipochomekwa. Palipaswa kusoma karibu sifuri. Palisoma 0.38, na nilipokigusa kilikuwa cha moto. Nikachomoa vyote saba, nikavisugua kwa kipande kidogo cha msasa laini na spiriti, nikavibana kidogo kwa koleo vishike. Kazi ya dakika ishirini, bila kulehemu chochote. Prosesa ikapata 5.01.

Kuna watakaosema kwa nini usitupe mambo haya yote ukaweka pawa saplai mpya ya volti 5 ndani ya boksi la zamani. Sina ugomvi nao, na kama lengo ni kompyuta ya kutumiwa na watoto kila siku ningefanya hivyo. Ila vibanio vile vingebaki na ukoko wao, ungelipa fedha, na ungekutana na sauti ileile nzito.

Mjomba alimaliza jedwali la saba, akaendelea hadi la kumi na mbili. Kisha akatoa chini ya kitanda katoni ya kanda za kaseti, programu zake za miaka ile, nyingine zina ukungu mweupe kwenye ukanda. "Na hizi je, mjomba?"

Nikamwambia nitarudi Jumamosi na deki.