Chumba cha polishi kwenye gereji ya rangi: anza na taa, mashine baadaye

Gereji nyingi za rangi hununua mashine ya polishi kwanza, halafu gari linapolishiwa palepale lilipopigwa msasa, chini ya mwembe au kwenye kona ya banda. Gari linang'aa vizuri kivulini. Mteja akilitoa barabarani saa saba mchana, boneti nyeusi inaonyesha mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, na kesho yake yuko mlangoni. Mara nyingi mashine haina kosa lolote. Fundi alikuwa hakioni anachokifanya.

Kwa hiyo kama una bajeti ndogo, ipange hivi: taa, ukuta wa kuzuia vumbi, kipimo cha unene wa rangi, kisha mashine.

Taa

Kuna mwanga wa aina mbili na unahitaji yote miwili. Tyubu ndefu inasambaza mwanga. Inaonyesha mawimbi ya bodi, ganda la chungwa (vijibonde vya rangi vinavyofanana na ganda la chungwa) na machozi (michirizi iliyoganda) ya klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, lakini inaficha mikwaruzo midogo. Mwanga unaotoka nukta moja, kama jua au tochi ya LED, ndio unaofichua mikwaruzo ya pedi na ya kitambaa.

Kwa chumba cha mita 4 kwa 7, tyubu nane za LED za futi 4, wati 18 kila moja, zinatosha kwa dari. Zifunge mistari miwili inayofuata urefu wa gari, kila mstari juu ya ubavu mmoja. Ukizipanga zote katikati utaliangaza paa na milango itabaki gizani. Ongeza nyingine nne kila ukuta wa ubavu, kimo cha sm 80 hadi 120, maana milango na madigadi ndiko malalamiko yanakotoka. Chagua mwanga wa Kelvin 5000 hadi 6500, na kwenye boksi tafuta alama ya CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi) iliyo 90 kwenda juu. Chini ya 80 rangi zinadanganya, na hapo hata kulinganisha kiraka na mlango wa pili kunakuwa kubahatisha.

Kila kundi la taa lipewe swichi yake. Hili watu hulipuuza, na ndilo linalokagua kazi: unazima tyubu zote, unashika tochi moja na kuipitisha kwa mshazari, sm 30 hivi kutoka kwenye bodi. Kama kuna vivuli vya mashine, yaani alama za mizunguko ya pedi, vitatembea pamoja na tochi yako. Kuta zipakwe kijivu hafifu au nyeupe isiyong'aa. Vigae vinapendeza kwenye picha za matangazo, ila vinaakisi kila taa na kukujazia bodi vimulimuli visivyo na maana.

Mahali pa kukiweka

Chumba cha polishi kina ugomvi na majirani wawili. Vumbi la msasa na puti (dawa ya kujazia mabonde ya bodi) linakiharibu chenyewe: punje moja ikiingia chini ya pedi, unachora mlango mzima. Na chenyewe kinaiharibu oveni, chumba cha kupulizia na kuchomea rangi, kwa sababu ya silikoni. Dawa za kung'arisha tairi, dashibodi na baadhi ya polishi zina silikoni, na rangi mbichi inaikimbia silikoni kama maji yanavyokimbia mafuta. Unapuliza klia, dakika mbili baadaye vishimo vya duara vinafunguka kama macho ya samaki hadi chini kwenye praima, rangi ya msingi. Silikoni haihitaji kumwagika. Inasafiri kwa mikono, kwa kitambaa, kwa mpira wa kompresa, na mbaya kuliko zote ni ile ya kopo la kupuliza, kwa sababu inaelea hewani.

Upepo ukifika kwanza kwenye oveni, kisha polishi, mwisho msasa, kila mtu anapona. Shida ni kwamba ukiwa pwani, ulichokipanga kwa kusi kitapinduliwa na kaskazi. Basi usitegemee umbali peke yake, jenga ukuta, hata wa mabati na turubai zito linaloshuka hadi sakafuni. Dawa ya tairi ipakwe kwa sponji tu, gari likiwa limeshatoka nje, na kopo la kupuliza lisiingie kabisa ndani ya uzio wa gereji. Vitambaa vya polishi viwe vya rangi moja ambayo upande wa kupuliza hauitumii. Fundi polishi asiingie oveni na ovaroli yake, hata kama ni kwenda kuazima tepu.

Mita 4 kwa 7 inatosha Corolla na hata Harrier. Kama unapokea Hiace na Land Cruiser, nenda mita 4.5 kwa 8. Unataka mita moja wazi kila upande, fundi aweze kusimama na mashine kifuani bila mgongo kugusa ukuta.

Sakafu, maji, umeme

Zege laini lililofungwa kwa rangi ya epoksi, lenye mteremko wa sm 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea mfereji. Msasa wa maji unatoa tope jeupe, nalo likikauka linageuka vumbi lilelile ulilojengea ukuta. Lioshwe likiwa bado bichi.

Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi. Ukisuuza nayo gari la moto na kuliacha likauke lenyewe, unapata madoa meupe ambayo yakipigwa na jua yanaila klia. Osha na maji yoyote, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua, na gari likaushwe kwa taulo papo hapo.

Umeme unahitaji laini yake kutoka kwenye breka. Mashine ya wati 1200 inavuta ampia tano na kidogo kwa volti 230, si nyingi, lakini ukiilisha kwa ekstensheni nyembamba ya mita 30 iliyosokotwa, volti zinashuka, mashine inapoteza kasi, fundi anaanza kuikandamiza, bodi inapata moto. Tumia waya wa mm 2.5 za mraba na breka ya ampia 20. Pale chini kuna maji kila siku, kwa hiyo weka swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na hapa usibane hela. Soketi ziwe juu, kimo cha bega au zaidi, waya upite begani kwa fundi. Waya unaoburuzwa juu ya boneti unachora kama msumari.

Pima kabla hujagusa

Kipimo cha unene kinachosoma chuma na aluminiamu ni kifaa kidogo cha mkononi, lakini bila chenyewe unacheza kamari. Rangi ya kiwandani kwa jumla mara nyingi iko kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 90 na 140, na klia ndani yake ni kama 40 au 50 tu. Ukisoma 200 na kitu, pamepakwa upya. Ukisoma 600 au 1000, chini kuna puti, kwa hiyo namba kubwa isikupe ujasiri: unene huo haumaanishi klia nyingi. Kipimo hiki kinasoma jumla, hakikutengei klia. Kwenye bampa la plastiki hakisomi kitu, hapo unabaki na tahadhari yako.

Kulaza ganda la chungwa kwa msasa namba 1500 na kupolishi baada yake kunaweza kula mikroni 10 au zaidi. Kompaundi, dawa ya kukata mikwaruzo, peke yake inakula chache, polishi ya mwisho karibu si kitu. Ukishaondoa robo ya klia, simama, maana kinga ya jua imo ndani yake na gari la huku linakaa juani mwaka mzima. Kama inajulikana mapema kwamba gari lote litalazwa kwa msasa, ongea na fundi rangi aongeze koti moja la klia, kwa muda wa kusubiri ulioandikwa na mtengenezaji.

Klia iliyochomwa nyuzi 60 kwa nusu saa inapolishika ikishapoa kabisa. Ya kukauka kwa hewa iache saa 24. Joto la Dar linaisaidia, baridi ya Julai Nairobi inaichelewesha. Gusa kwa ukucha mahali pasipoonekana, kama ndani ya ukingo wa mlango: ukiacha alama, ondoka. Ukipolishi mapema, thina iliyobaki inaendelea kutoka, klia inanywea, na baada ya wiki mng'ao unafifia na mikwaruzo ya msasa inarudi juu. Ukikaa wiki mbili nayo inakuwa ngumu na utatumia nguvu mara mbili. Siku ya pili na ya tatu ndiyo tamu.

Kulaza chozi kwenye mlango

Chozi ni nene, kwa hiyo linakauka mwisho. Lipe siku moja zaidi ya mlango wenyewe. Funga tepu pande zote mbili, karibu kabisa, ili msasa usile klia nzima ya jirani. Chora chozi kwa makapeni, mistari michache. Chukua kibao kigumu kidogo cha sm 3 kwa 5, si sponji na si kidole, maana kidole kinafuata mlima badala ya kuukata. Msasa wa maji namba 1000 uwe umeloweka robo saa kwenye maji yenye tone la sabuni. Piga mpaka wino unakaribia kuisha na kibao kinakaribia kugusa tepu, kisha toa tepu.

Hapo endelea na 1500 ukienda kwa urefu wa mlango, 2000 ukikata kwa wima, kisha diski ya 3000 yenye sponji kwenye mashine ya kutikisa, ile ambayo pedi yake inatikisika huku ikizunguka. Ukibadilisha mwelekeo kila namba, unaona wazi mistari ya namba iliyotangulia imeisha au bado. Fundi anayekwenda upande mmoja namba zote tatu hujua alichokiacha akiwa tayari na kompaundi mkononi. Maji ya ndoo yabadilishwe kila namba. Punje moja ya 1000 iliyobaki kwenye ndoo itakuchorea vijimkia kwenye hatua ya 3000, na utarudi mwanzo.

Mashine na mkono

Grainda si mashine ya polishi. Inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na hakuna fundi hodari wa kuizuia isichome. Mashine ya kuzunguka yenye kasi ya 600 hadi 3000 inayorekebishika, pamoja na ile ya kutikisa yenye mwendo wa mm 15, zinamaliza kazi zote. Ya kwanza inakata, ya pili inafuta vivuli vya ya kwanza. Kama ni moja tu, anza na ya kutikisa: inachelewa, lakini inasamehe.

Bandika tepu nyembamba kwenye kona zote za bodi, raba za milango na plastiki. Rangi huwa nyembamba kwenye kona, ndiko kunakochomeka kwanza. Weka matone manne ya kompaundi, kila moja kama punje ya kunde, kwenye eneo la sm 50 kwa 50, au 40 kwa 40 kukiwa na joto. Tandaza kwa kasi ya chini, kisha panda mpaka 1200 au 1500, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, pedi ikiwa imelala. Mpito wa mwisho punguza kasi na uzito. Ukiona vumbi jeupe linaruka, kompaundi imekauka na unasugua bodi kavu. Weka kiganja: kama huwezi kukiacha hapo, pumzisha. Bampa linapata moto haraka kuliko boneti kwa sababu plastiki haisambazi joto, kwa hiyo kasi ishuke zaidi.

Usishtuke pedi ikitoka nyeupe kwenye Toyota ya rangi 040, ile nyeupe. Mara nyingi haina klia, ni rangi yenyewe inayotoka. Pedi ikitoka nyekundu au ya bluu kwenye gari lenye klia, hapo shtuka: klia imeisha.

Pedi moja, dawa moja. Ziandike nyuma kwa makapeni. Gari moja linahitaji mbili za manyoya, tatu au nne za sponji ngumu, tatu laini, na kila ukimaliza kipande zipigwe brashi. Iliyoanguka chini haiokotwi na kurudishwa kazini, inakwenda kuoshwa. Zote zikae kwenye ndoo yenye mfuniko. Vitambaa vya maikrofaiba vioshwe peke yake kwa maji yasiyozidi nyuzi 40, bila dawa ya kulainisha nguo, na visianikwe kwenye uzio unaopitiwa na vumbi la barabara.

Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukupa sifa za uongo. Kabla ya kulitoa gari, futa kipande kwa spiriti ya isopropili iliyozimuliwa, kidogo tu, hasa kwenye klia changa, zima tyubu, washa tochi. Kilichobaki hapo ndicho mteja atakachokiona saa saba.

Klia mpya isipakwe nta kwa siku 30 hivi, iachwe ipumue. Mwambie mwenye gari, na mwandikie kwenye risiti, kwamba muda huo aoshe kwa mkono, asipite kwenye brashi za mashine, na mavi ya ndege ayatoe siku hiyohiyo kwa maji mengi bila kusugua.